Ng'ombe wa Marekani na ng'ombe wa India: nani anakula nafaka ya nani?

Mleta mada:
Wakuu, kuna hesabu inanikera. Mwaka 2023 Marekani ilivuna mahindi karibu tani milioni 390, na kama asilimia 40 yakaenda moja kwa moja kwa mifugo. Mwaka huohuo India, yenye watu zaidi ya bilioni 1.4, ilivuna tani milioni 38 hivi. Yaani nguruwe, kuku na ng'ombe wa Marekani wanakula mahindi karibu mara nne ya yote yanayovunwa India nzima!

Msimamo wangu: nchi inayomwagia mifugo nafaka kiasi hicho haina uso wa kuwahubiria wengine habari za njaa. Nipingeni.

Mfugaji, Kibaha:
Nakupinga asubuhi hii hii, kabla sijapanga mayai kwenye trei. Kuku wangu wa mayai anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku, na zaidi ya nusu ni mahindi na pumba. Kinachobaki ni mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa na mifupa. Nikiondoa mahindi anaacha kutaga, mchezo umeisha. Na hao Wahindi unaowavisha kanzu nyeupe, sehemu kubwa ya mahindi yao inaishia hukohuko, kwa kuku.

Mleta mada:
Kwa kuku sawa, umenikamata. Lakini tazama maziwa. India ndiyo ya kwanza duniani, zaidi ya tani milioni 230 kwa mwaka, na wale ng'ombe na nyati wa kufugwa wengi wanakula mabua ya mpunga na ya ngano, pumba, mashudu ya pamba na ya haradali, na majani ya kando ya barabara. Hakuna binadamu anayegombania mabua. Ng'ombe wa Marekani, akishaingizwa kwenye mazizi ya kunenepesha, anataka kilo 6 au 7 za chakula ili aongeze kilo moja ya uzito, na sehemu kubwa ya chakula hicho ni mahindi.

Niko Iowa:
Nawasalimu wote. Mimi ni Mkongomani, na huku tuko wengi tunaofanya kazi kwenye viwanda vya nyama. Jimbo hili la Marekani lina watu kama milioni 3.2, nguruwe zaidi ya milioni 23. Mahindi ni ya njano, punje imebonyea juu kama gego. Nilipofika nilipewa mahindi mawili nikayachemsha saa nzima. Ndugu zangu, ni kama kutafuna kokoto.

Ila mmesahau jambo. Msimu wa mavuno malori yanapanga foleni kwenye kiwanda cha ethanoli, ile pombe inayochanganywa na petroli ya magari, maana sehemu nyingine kubwa ya mahindi, nayo inakaribia asilimia 40, inakwenda huko. Katika kila busheli, yaani kilo 25 na kidogo, karibu theluthi inarudi ikiwa machicha makavu, analishwa ng'ombe. Kama machicha ya pombe nyumbani, tofauti ni ukubwa wa pipa. Kwa hiyo mleta mada, mifugo ya huku inakula zaidi ya ulivyohesabu, ila hicho cha ziada ni makapi.

Asiyefuga kitu:
Tuseme Marekani inaacha kesho kulisha mifugo mahindi. Mnadhani yatapanda meli kumfuata mwenye njaa? Mwenye njaa hana pesa. Bei itaanguka na mkulima atalima kingine. Tena nafaka ya mifugo ni kama akiba. Ukame wa 2012 ulipopiga huko, bei ilipita dola 8 kwa busheli, wafugaji wakapunguza ng'ombe. Ng'ombe unaweza kumpunguza, mtoto huwezi.

Mleta mada:
Akiba gani hiyo ambayo ili uifungue lazima bei ipande kwanza? Bei ikipanda, wa kwanza kukosa ni yule yule asiye na pesa, halafu ndipo ng'ombe anapunguzwa.

Mfugaji, Kibaha:
Hapo umesema. Mimi bei ya mahindi ikipanda nauza kuku kabla ya wakati, lakini jirani yangu anayenunua unga kwa kibaba keshaumia wiki mbili nyuma. Ila ukitaka wa kumlaumu, geukia matangi ya mafuta. India nayo imeanza kutengeneza ethanoli ya mahindi, na mwaka 2024 nchi iliyozoea kuuza mahindi nje ikawa inaagiza. Wafugaji wenzangu wa kule walilia mwaka ule, wakigombania punje na magari.

Mleta mada:
La machicha nakubali, la ethanoli nakubali nusu. La mazizi ya kunenepesha bado, mkuu. Hapo hamjanijibu.

Niko Iowa:
Nikitoka zamu nitakujibu. Leo tuna nguruwe wengi.