Sekstanti ifutwe chuoni au ibaki?

Mtoto wa Kigamboni: Wakuu, shikamooni. Niko mwaka wa pili masomo ya unahodha. Wiki ya tatu hii tunapima jua kwa sekstanti, kile chombo cha kupimia pembe ya jua au nyota juu ya upeo wa bahari, kisha tunakesha na majedwali ya kutafutia mahali tulipo. Ukikosea dakika moja tu ya pembe, umepotea maili nzima ya baharini. GPS inanipa jibu papo hapo. Nasema somo lifutwe, vipindi vyake wapewe watu wa rada na mawasiliano. Wazee wetu walifika Maskati bila hata karatasi.

Nahodha Mstaafu: Marahaba. Hilo la "bila hata karatasi" limeniuma. Babu yangu alikuwa na dira ndani ya sanduku lake, alikuwa na batli, yaani daftari la safari, na alikuwa na bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina. Chini ya risasi ya bildi kuna kitundu, alikijaza shahamu inase udongo wa chini. Risasi ikipanda anaitazama kwa taa: mchanga mweupe, tunaendelea, tope, basi Rufiji iko karibu, geuza. Usiseme hawakuwa na kitu.

Mtoto wa Kigamboni: Nisamehe mzee, sikukusudia kudharau. Ila mimi nauliza sekstanti, siyo bildi.

Kusi Mwanana: Kijana yuko sawa. Hata Marekani chuo chao cha jeshi la majini kilishafuta somo la nyota, 2006 kama sikosei.

Bikari: Hukosei, ila umeishia nusu. 2015 wakalirudisha, kwa kuhofia mitambo yao kushambuliwa kimtandao. Na mkataba wa kimataifa wa vyeti vya mabaharia bado unadai somo la nyota, hivyo chuo hakiwezi kujifutia chenyewe. Meli zinazopita Bahari ya Shamu zinavurugiwa GPS siku hizi, chombo kinajiona kiko nchi kavu.

Kusi Mwanana: Sawa, nakubali. Lakini sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa hilo na Marekani. Ibn Majid, yule nahodha Mwarabu, alimchukua Vasco da Gama hapo Malindi 1498 akamfikisha Kalikuti, India, kwa kibao chenye kamba ya mafundo, kamal. Hiyo ndiyo elimu yetu.

Binti wa Malindi: Jamani, mpaka lini? Kila mwaka tunabebeshwa sisi lawama kwamba Malindi ndiko Ibn Majid alikomfungulia Mreno njia. Ibn Majid ni mtu wa Julfar, kule Ras al-Khaimah. Wareno wenyewe waliandika kwamba rubani yule alikuwa Mgujarati. Barros, mwanahistoria wao, anamwita Malemo Cana, na hilo "malemo" ni mwalimu tu, ndivyo walivyomwita msoma nyota wa chombo.

Kusi Mwanana: Shuleni tulifundishwa Ibn Majid. Leo mnataka kumpa sifa Mhindi?

Binti wa Malindi: Sigawi sifa mimi, nakataa uongo. Na hicho kibao unachokisifu kilipimia hasa Jaa, nyota ya kaskazini. Malindi iko digrii 3 kusini ya ikweta, Jaa haionekani. Wareno waling'oa nanga 24 Aprili, wakaiona tena siku kama tano baadaye. Umewahi kusimama ufukweni usiku ukaitafuta, au unasema tu?

Kusi Mwanana: Usinipandishie sauti, dada.

Rubani Mwanafunzi: Niingie kidogo. Neno "rubani" sisi wa ndege tumelichukua kwenu wa baharini. Nasi tuna cha kwetu, E6B, duara la kuzungusha la kukokotolea safari, lililobuniwa na Philip Dalton miaka ya 1930. Unatia nukta ya penseli mahali pa upepo, unazungusha, unasoma ni digrii ngapi uelekeze pua ya ndege. Nililichukia. Halafu siku moja tabuleti ilipata joto la jua kwenye kioo cha mbele, ikazima tukiwa angani. Mwalimu hakusema neno, alininyooshea kidole tu kwenye dira na saa. Nukta ya asubuhi ilikuwa bado ipo. Mto ulitokea dakika mbili baada ya nilivyokadiria. Mikono ilinitetemeka hadi tunatua.

Bikari: Dakika mbili kwa mwanafunzi ni nzuri sana.

Nahodha Mstaafu: Nimefurahi kusikia, mwanangu. Na hata dira inataka adabu. Nimemwona mvuvi ameweka spika ya muziki kando yake, sindano imevutwa, yeye anaamini anakwenda magharibi. Mkondo wetu unasukuma kaskazini wakati wote. Tulimfuata mbali.

Mtoto wa Kigamboni: Mzee, hiyo batli ya babu bado ipo?

Nahodha Mstaafu: Ipo, mchwa wamekula kurasa za mwanzo. Imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kitupu. Nyota za Suheli na Kilimia zimo. Njoo Jumapili na simu yako, tupige picha kila ukurasa.

Mtoto wa Kigamboni: Nakuja. Jumatatu nina mtihani wa sekstanti, nitakuja nayo.

Kusi Mwanana: Dada Binti, huyo Barros kasema wapi?

Binti wa Malindi: Dekada ya kwanza ya historia yake, kitabu cha 4. Ukisoma, rudi hapa.