Nimelipia toleo la bei ya juu la gemu, lakini nyongeza zake wanangu wamefungiwa

Ndugu wanajamvi, nimekasirika na sioni sababu ya kuficha. Nyumbani kwetu Umoja, Nairobi, tuna konsoli moja, yaani mashine ya kuchezea gemu, na akaunti za wanangu wawili nimeziunganisha na yangu katika kundi la familia, kama kampuni inayotengeneza konsoli hiyo inavyoelekeza. Likizo hii niliwalipia toleo la bei ya juu la gemu waliyokuwa wakiisubiri. Duka la mtandaoni la kampuni hiyo halihudumii Kenya, kwa hiyo akaunti yangu ni ya Marekani, na pesa huziingiza kwa kadi ninazonunua katikati ya jiji kwa bei inayozidi thamani iliyoandikwa juu yake. Toleo hilo lilitofautiana na la kawaida kwa nyongeza tu: mavazi ya wahusika, magari na sarafu za kutumia ndani ya gemu.

Gemu yenyewe inafunguka katika akaunti zote. Lakini kifungua mimba wangu alipoingia kwa akaunti yake na kufungua kabati la mavazi, kila vazi nililolilipia lilikuwa na alama ya kufuli, na chini yake kitufe cha kumtaka alinunue. Kwenye akaunti yangu yote yako wazi, ilhali mimi sichezi.

Najua mfumo unavyofanya kazi. Sehemu za ziada za hadithi na ramani kwa kawaida hutolewa kama leseni, yaani ruhusa ya kutumia, na konsoli iliyosajiliwa kuwa ya nyumbani kwa mnunuzi huwafungulia wote wanaoitumia. Sarafu na zawadi za toleo maalumu, kwa upande mwingine, mara nyingi huandikwa katika seva za mtengenezaji wa gemu kwa akaunti moja tu. Huo ni uamuzi wa watu waliokaa wakapiga hesabu ya faida, na ulipaswa kuandikwa karibu na bei kabla sijalipa. Ukurasa wa mauzo ulizinadi nyongeza hizo kwa picha kubwa, wala haukutaja popote kwamba ni za mtu mmoja.

Huduma kwa wateja walinijibu kwa maelezo ya jinsi ya kuunganisha akaunti, jambo nililokwisha kuwaeleza kuwa nimelifanya. Nilipowabana, wakasema kila mtoto anunue zake. Yaani nimelipia sinia la pilau la familia nzima, kisha naambiwa nyama ni ya aliyetoa pesa peke yake!

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mteja haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidi kikamilifu anachonunua. Huko California, tangu tarehe 1 Januari 2025, sheria inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Basi nasi tuelezwe mapema leseni hiyo inamhusu nani.

Ninadai nyongeza zifunguliwe kwa akaunti za watoto zilizo chini ya yangu, la sivyo nirudishiwe tofauti ya bei ya matoleo hayo mawili. Aliyewahi kurudishiwa pesa kwa suala kama hili, akiwa Kenya na akaunti ya nje, tafadhali anieleze alipitia wapi.