Kalamu ya shilingi 185,000 imeshindwa kuandika neno "Vizuri": wauzaji, tuacheni tujaribu nibu kabla ya kulipa

Wakuu, salaam. Naomba mnivumilie, kwa kuwa uzi huu ni mrefu na hasira yenyewe ina wiki tatu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Dar es Salaam, mwaka wa 22 sasa, na kazi inayonimaliza vidole ni kusahihisha insha. Peni za kawaida haziandiki mpaka uzikandamize, na mtu anayekandamiza madaftari 120 kwa juma hufika siku gumba likakataa hata kukoroga chai. Kalamu ya wino, ile yenye nibu, yaani ncha ya bati jembamba lenye mpasuo katikati unaopitisha wino, haitaki nguvu. Wino huteremka wenyewe kwa kufuata vijifereji vyembamba vilivyochongwa kwenye ulimi ulio chini ya nibu, hewa nayo ikipanda kuchukua nafasi ya wino uliotoka, utaratibu ambao Lewis Waterman wa New York aliupatia hataza mwaka 1884. Mkono unabaki na kazi ya kuongoza tu. Hicho ndicho nilichokiendea dukani. Sikwenda kutafuta pambo.

Duka silitaji, kwa sababu nimeulizia katika maduka manne na mwenendo ni ule ule. Kalamu zimefungiwa kwenye kabati la kioo, funguo anazo mtu mmoja, na ukiomba kuona unaonyeshwa sanduku kwanza. Kijana aliyenihudumia alilifungua kwa madaha, ndani mna kitambaa cheupe cha kung'aa, kalamu imelazwa katikati kama bibi harusi, nyeusi yenye pete tatu za rangi ya dhahabu. Akaniambia, "Mama, hizi ndizo wanazosainia wakubwa." Nikamwomba wino kidogo nichovye nibu niandike mstari mmoja. Akashtuka. "Hapana Mama, nibu ikishagusa wino inahesabika imetumika." Viatu hujaribiwa, kitenge hukunjuliwa chote mpaka mwisho wa doti, hata tikiti maji hupigwa kwa kidole likasikilizwa, lakini kalamu ya shilingi 185,000 inunuliwe kwa macho! Nikalipa. Hilo ni kosa langu na ninalikiri mbele yenu.

Sasa nieleze kilichomo ndani ya mng'aro ule, nikianza na kifuniko, kwa kuwa ndicho kilichoniudhi mapema zaidi. Wino wa kalamu hizi ni wa maji, na maji katika joto la jiji hili hayakai. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kifuniko ni kuziba. Klipu, nembo na pete ni mambo ya baadaye. Kifuniko kilichofikiriwa vizuri huwa na kifuniko kingine kidogo cha plastiki kwa ndani, kinachoikumbatia shingo ya kalamu pasibaki pengo. Changu nilikimulika kwa tochi ya simu: ni bomba tupu la shaba, na pale klipu ilipochomekwa mna upenyo ambao mwanga unapita hadi upande wa pili. Usiku wa kwanza niliifunga na kuilaza mezani, asubuhi nibu ilikuwa kavu kau. Nikaichovya kwenye maji, ikaandika. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, imekauka tena.

Na msiniambie kwamba kuziba ni ufundi wa kalamu za bei kubwa tu. Kampuni ya Platinum ya Japani ilipoitoa upya kalamu yake ya 3776 Century mwaka 2011 iliiwekea kifuniko cha ndani chenye springi kinachoshuka kuifunika nibu, na uzibaji wa namna hiyo hiyo imeuweka kwenye Preppy, kalamu yake ya plastiki ambayo ni miongoni mwa kalamu za nibu za bei ya chini kabisa duniani. Plastiki inaziba, shaba yangu yenye pete tatu haizibi. Wazee wetu waliosainia kwa Parker 51 wanalijua hili vizuri zaidi. Kalamu ile iliyotoka mwaka 1941 ilificha nibu yote ndani ya kofia ikaacha ncha peke yake, na watu mpaka leo wanaisifu kwa umbo lake kama samaki, wakati umbo lenyewe lilizaliwa na shida: ilikusudiwa wino unaokauka haraka, nao ungekaukia kwenye nibu iliyo wazi kabla haujafika kwenye karatasi. Mbunifu alianza na wino, uzuri ukafuata. Aliyebuni ya kwangu alianzia kwenye sanduku.

Sasa nije kwenye nibu yenyewe. Ijumaa ile nilikuwa na insha 43 za kidato cha tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri, nikataka kuandika "Vizuri". Karatasi ikapokea "zuri". Nikarudia, ikapokea "izuri". Herufi ya kwanza ilikuwa haitoki, ya pili ilitoka kwa kusitasita, kuanzia ya tatu wino ukaja kama kawaida, na kila nilipoinua mkono kwenda mstari mwingine mchezo ukaanza upya. Nikaitikisa kidogo, kwa hasira, nakubali. Tone likaanguka katikati ya insha ya mtoto wa watu, wino wenyewe mwekundu. Jumatatu alipopokea daftari lake aliniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, uliumia?"

Nibu hiyo imechorwa maneno "Iridium Point Germany", na kijana wa dukani aliyasoma kwa sauti kana kwamba anasoma cheti. Wakuu, maneno hayo hayamtaji mtengenezaji yeyote. Utayakuta kwenye nibu za kalamu za kila aina na kila bei, na kile kidonge kidogo kinachochomelewa kwenye ncha ili isiliwe na karatasi, siku hizi mara nyingi ni mchanganyiko wa metali nyingine ngumu, iridiamu ikiwa kidogo sana au haimo kabisa. Rangi ya dhahabu nayo ni rangi tu. Nibu ya dhahabu halisi hugongwa 585 au 750, yaani karati 14 au 18. Yangu haina namba yoyote, ni chuma kilichopakwa. Chuma si dhambi, nibu za chuma zinaandika vizuri duniani kote, na kwa vyovyote kinachogusa karatasi ni kile kidonge. Dhambi ni kumtoza mtu bei ya rangi na kuuacha mpasuo wa nibu bila kuukagua.

Kuhusu upana nitasema kidogo, kwa kuwa hapa nami nilikuwa mjinga. Upana wa nibu huandikwa kwa herufi, nami nilichukua M nikijua ni ya wastani. Kwenye karatasi za kaunta buku, ambazo hunywa wino kama mchanga, M ya mtindo wa Ulaya inavimba mpaka "e" inafanana na "o". Kalamu za Kijapani kwa kawaida huwa nyembamba zaidi kwa herufi ile ile, kwa sababu maandishi yao yana vijistari vingi katika nafasi ndogo. Mwalimu anayeandika pembeni mwa daftari la mwanafunzi anahitaji F, yaani nyembamba, au chini ya hapo. Muuzaji hakuniuliza ninaandika nini, wala juu ya karatasi gani.

Shingo ya kalamu, pale vidole vinaposhika, ni metali iliyong'arishwa hadi nikajiona uso. Hebu mtu anieleze nani, katika mji wa joto na unyevu kama huu, anashika metali laini iliyong'arishwa kwa dakika 90 bila vidole kuteleza. Nilipoteleza nilishika juu zaidi, na juu zaidi ndipo penye ngazi: mwili umezidi unene wa shingo kwa ghafla, ukingo wake ni mkali, na chini yake kuna hesi za kifuniko. Nimepata alama kwenye kidole cha kati ambayo haijatoka. Halafu uzito. Niliipima kwenye mizani ya jirani mwenye duka la dawa: gramu 46, zaidi ya nusu zikiwa kwenye kifuniko, hivyo ukikichomeka nyuma wakati wa kuandika kalamu inataka kupinduka juu ya mkono.

Linganisheni na Lamy Safari ya mwaka 1980, ambayo Wolfgang Fabian aliibuni kwa ajili ya wanafunzi wanaojifunza kuandika. Ni plastiki, haifiki gramu 20, shingo yake imebanwa pande mbili ili gumba na kidole cha shahada vijue pa kukaa, mwilini kuna dirisha la kuona wino umebaki kiasi gani, na klipu ni waya mnene uliokunjwa unaopanda mfukoni bila vita. Kila ninachokitaja hapo kina sababu yake. Lakini nisiwe mnafiki: mwenzangu mmoja hapa shuleni hushika kalamu kwa namna yake mwenyewe, na kwake zile pande mbili ni mateso. Hata Lamy 2000 ya Gerd A. Müller, inayouzwa tangu 1966 na ambayo kiungo cha kifundo chake cha nyuma, kile cha kuvutia wino, hukioni mpaka ukizungushe, ina vijisikio viwili vidogo vya chuma vya kukamatia kifuniko, na wako watu ambao vijisikio hivyo huwachoma vidole. Ndiyo maana nasisitiza kujaribu. Mkono wangu si wako, na hakuna picha ya mtandaoni itakayoujua. Wale ndugu wanaopiga picha sanduku kutoka juu na kuandika "kitu kizuri sana" wangetusaidia zaidi wakigeuza kalamu na kutuonyesha ulimi wa chini ya nibu na tumbo la kifuniko.

Kuhusu klipu yangu mwenyewe: imekaza kiasi kwamba haiingii kwenye kitambaa kinene, nami nikazoea kuacha kifuniko kando na kalamu mezani. Mwili ni wa mviringo kamili. Siku ya tisa ilibingirika. Niliiona ikienda, nikanyoosha mkono, nikachelewa. Ikatua kwenye sakafu ya saruji kwa nibu, kama walivyoagana.

Tena kuna suala la wino. Vijibomba vidogo vya wino vinavyochomekwa ndani si vya namna moja: vipo vya kipimo cha kawaida vinavyotumiwa na kampuni nyingi, na kampuni kama Parker, Lamy, Pilot na Platinum zina vya kwao. Yangu inapokea umbo ambalo sijalipata katika duka lolote la vifaa vya shajala hapa mjini, na kile kifaa cha kufyonzea wino wa chupa kilichokuwamo sandukuni kilikuwa kinavuja shingoni. Mwenzangu mmoja wa ofisini, kwa nia njema kabisa, akanishauri nitie wino wa muhuri. Tafadhali, yeyote asithubutu. Wino ule ni mzito, utaziba vijifereji na kalamu itakuwa imekwisha.

Nilirudi dukani na kalamu, sanduku na risiti ya mashine, kabla haijaanguka, mnisikie vizuri, siku ya nne tu. Kijana akanyoosha kidole ukutani: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Nikamwambia kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyeuziwa kitu kisichofaa kwa kazi yake, na kalamu isiyoandika haifai kwa kazi yake. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mama, labda mkono wako bado haujazoea kalamu za namna hii."

Mkono wangu! Uliosahihisha insha kabla yeye hajajifunza kuumba herufi.

Aliyeniokoa ni fundi saa wa mtaani kwetu, ambaye nilimpelekea baada ya ile ajali nikidhani imekufa. Alipachika kioo chake jichoni, akaishika nibu dhidi ya mwanga, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akanipa kioo nione mwenyewe. Kupinda kwa kuanguka kulikuwapo, kidogo. Lakini akanionyesha na la pili: kingo za mpasuo, pale zinapokutana kwenye kidonge cha ncha, zilikuwa zimeng'arishwa kupita kiasi hadi zikawa za mviringo kwa ndani, hivyo wino ulikuwa unasimama juu kidogo ya karatasi bila kuigusa, mpaka mkono uusukume. "Hii haikuletwa na sakafu, Mwalimu," akasema. "Hii imetoka nayo kiwandani." Akainyoosha kwa ukucha, akaipitisha mara chache kwenye karatasi laini ya kung'arishia, akaniomba niandike. Nikaandika "Vizuri". Ikatoka yote, na V yake. Alinitoza shilingi 5,000.

Kwa hiyo naandika, wakuu, na upenyo wa klipu nimeuziba kwa nta ya mshumaa, na shingo nimeizungushia plasta ya dukani ile ya kidonda ili vidole visiteleze. Kalamu ya wakubwa imefungwa bendeji. Ninachoomba kwenu ni kitu kimoja: kama kuna anayelijua duka, hapa Dar es Salaam au hata Arusha au Mombasa, ambako muuzaji anaweka kichupa cha wino na karatasi juu ya kaunta na kumwachia mteja achovye nibu kabla ya kutoa pesa, aniandikie hapa chini. Wino na karatasi niko tayari kuja navyo mwenyewe, na daftari litakuwa kaunta buku.