Vimeng'enya vya bakteria wapenda joto: je, matope ya Gongoni yanaweza kutufaa?

Swali: Mkulima wa Magarini (Malindi)

Assalamu alaikum wanajamvi. Sisi ni kikundi cha wakulima wa mihogo kaskazini mwa Malindi, na nia yetu ni kugeuza wanga wa mihogo kuwa shira badala ya kuuza mihogo mibichi kwa bei ya kutupa. Kilichotukwamisha ni kwamba wanga hauivi mpaka upate joto kali, ilhali kimeng'enya tulichonunua (protini inayovunja wanga) huharibika kabla uji haujachemka. Tukingoja upoe, huwa mzito hata haukorogeki. Nimesoma kwamba wako bakteria wa baharini wanaostawi katika joto kubwa, na vimeng'enya vyao huhimili joto hilo. Je, twaweza kuwapata katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na kuwafuga katika tangi?

Jibu la 1: Mkufunzi wa Biolojia (Lamu)

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Bakteria unaowasoma vitabuni, kama vile Thermotoga maritima aliyetangazwa mwaka 1986 baada ya kupatikana katika sakafu ya bahari yenye joto la volkano huko Vulcano, Italia, hustawi vyema kwenye nyuzi joto 80 za Selsiasi. Jua la Gongoni, kwa ukali wake wote, halifikishi maji huko. Hata hivyo usikate tamaa, kwa sababu baadhi ya bakteria wapenda joto hujifunga katika spora ngumu, yaani hali ya usingizi yenye ganda linalohimili joto, na kusambaa mbali na makazi yao; hata katika matope ya bahari ya Svalbard, ambako maji hukaribia kuganda, watafiti wameamsha spora ambazo huchipuka kwenye nyuzi joto 50 hivi. Kwa hiyo matope ya mikoko yanastahili kupimwa: yapashwe joto la nyuzi 80 kwa dakika kumi au zaidi ili bakteria wasio na spora wafe, kisha yaoteshwe kwenye nyuzi 60 katika sahani zenye wanga. Ukimwagia iodini, sahani yote itageuka buluu iliyokolea isipokuwa pale ambapo bakteria ameula wanga.

Kumfuga bakteria huyo kwa wingi ndiko kugumu. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, maji ya chumvi yakichemka hutafuna hata chuma cha pua, na mavuno ya bakteria wa namna hii mara nyingi ni haba. Ndiyo maana wataalamu huchukua jeni ya kimeng'enya, yaani maelekezo ya kukitengeneza, peke yake na kuipandikiza katika bakteria mpole kama Escherichia coli, anayekua kwenye nyuzi 37. Hapo hutokea jambo ambalo mimi hulistaajabia kila ninapolifundisha: seli zikishapasuliwa, mchanganyiko hupashwa joto la nyuzi 70 au 80, na protini nyingi za mwenyeji, yaani E. coli, huganda kama ute wa yai, huku kimeng'enya cha mpenda joto kikibaki majini kikiwa kizima. Ugumu wake hutokana na umbo lake: protini hiyo imekunjwa kwa kubanana zaidi, na ina vifungo vingi kati ya sehemu zenye chaji chanya na zenye chaji hasi, hivyo joto haliifumui kwa urahisi.

Jibu la 2: Dada wa Maabara (Malindi)

Ninakubaliana na mwalimu kuhusu sayansi, lakini ningependa kikundi kisipoteze fedha. Kwa wanga wa mihogo, suluhisho lipo tayari: amilesi (kimeng'enya kinachokata wanga) ya bakteria Bacillus licheniformis, ambaye wala si wa baharini, hutumika viwandani kulainisha wanga kwenye nyuzi 105 kwa dakika chache, kisha kwenye nyuzi 95 kwa saa moja hadi mbili, maji yakiwa na asidi hafifu sana. Mnaponunua, ulizeni amilesi inayostahimili joto, na mhakikishe kwamba maji yenu yana kalsiamu kidogo, kwani amilesi hiyo huitegemea ili isifumuke. Huo ni mwanzo tu wa shira; uji ukishalainika hupozwa hadi nyuzi 60 na kutiwa kimeng'enya cha pili, glukoamilesi, kinachozalisha glukosi.

Tahadhari nyingine ni kuhusu mashamba ya chumvi yenyewe. Bakteria wengi wa humo wamezoea chumvi kali, na vimeng'enya vyao huweza kupoteza umbo vikitiwa katika maji yasiyo na chumvi, jambo lisilofaa kabisa kwa shira.

Mkulima wa Magarini

Nashukuru sana, mwalimu na dada. Tutaanza na amilesi ya kununua. Hata hivyo vijana wetu wawili wanasoma sayansi chuoni na wangependa kuyapima matope hayo. Je, kuna kizuizi? Na wakifanikiwa, twaweza kukitia kimeng'enya chao katika chakula?

Jibu la 1: Mkufunzi wa Biolojia (Lamu)

Katika chakula, hapana, si kabla ya uchunguzi wa usalama, maana baadhi ya jamaa za Bacillus hutoa sumu. Kuhusu matope, wapitie chuo chao ili kiwaombee leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira) cha kuchukua rasilimali za kijenetiki, yaani viumbe na jeni zao. Wakitaka kuchota ndani ya hifadhi ya bahari, KWS (shirika la wanyamapori) nayo ihusishwe. Upandikizaji wa jeni unasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia chini ya sheria ya mwaka 2009. Nawasihi wasiuone utaratibu huu kuwa usumbufu. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2014, inataka faida ya rasilimali kama hizi igawanywe kwa haki, na wakazi wa Gongoni watakuwa na hoja iwapo tu imeandikwa tangu mwanzo kwamba matope yalitoka kwao.