Mrejesho: Nilipima bila dalili yoyote

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kama kuna haja ya kupima magonjwa ya zinaa wakati sina dalili hata moja. Nimepima. VVU, kaswende na kisonono hasi. Klamidia chanya! Na wala sikuwashwa, wala mkojo haukuuma. Daktari akasema wengi wenye klamidia hawahisi kitu, na ikiachwa inaweza kuziba mirija ya uzazi ya mwanamke. Nimemeza doksisaiklini siku 7, asubuhi na jioni. Kilichonitoa jasho ni kumwambia mwenzangu. Alininunia siku mbili, kisha akaenda mwenyewe. Naye chanya, katibiwa. Nani alimwambukiza nani, tumeacha kuulizana. Narudi kupima baada ya miezi 3, VVU pia.