Ukoo wa Wete: kompyuta za chuo

Halati Time: Asalaam aleikum. Mwanafunzi akiunganisha WhatsApp yake na kompyuta ya darasani, akifunga dirisha si imeshatoka?

Kombo: Waaleikum salaam, shikamoo Halati. Haijatoka. Kompyuta za lebu darasa zima huingilia akaunti moja ya Windows. Atakayekaa baada yake akifungua brauza hiyohiyo anakuta meseji zote, na hata kujibu anaweza.

Ami Hamad: Si azime data tu.

Kombo: Haisaidii, Ami. Zamani ilikuwa lazima simu iwe hewani, siku hizi kompyuta inapokea yenyewe hata simu ikizimwa. Itajikata simu isipotumika siku 14, na kijana gani ataacha simu siku zote hizo?

Halati Time: Sasa anaitoaje na chuo kishafungwa?

Kombo: Kwa simu yake, popote alipo. Nukta tatu juu kulia, Vifaa Vilivyounganishwa. Kila kifaa kimeandikwa lini kilitumika mwisho. Akibonyeze, kisha Ondoka. Kwenye iPhone aanzie Mipangilio. Telegram pia ina orodha hiyo, nayo inakata vifaa vyote vingine kwa mpigo.

Fatma: WhatsApp afadhali. Balaa ni Gmail. Akiingia kwenye Chrome akakubali kusawazisha (sync), yaani vya akaunti yake vije kwenye kompyuta, paswedi alizohifadhi simuni zinashuka hapo. Chrome kabla ya kuzionesha huuliza paswedi ya Windows, na ya lebu nani haijui? 😅 Na simu ikiwa ilifunguliwa kwa Gmail ya mama, basi ni paswedi za mama, na picha zake kama zinahifadhiwa Google.

Halati Time: Yarabi!

Fatma: Dawa ni asiingie hivyo: afungue Chrome, abonyeze kiduara cha wasifu juu kulia, achague Mgeni. Akishafunga madirisha yote ya Mgeni, historia na kuki (kumbukumbu za tovuti alizoingia) zinafutika. Faili alizopakua hazifutiki! Zinabaki kwenye Downloads, azifute mwenyewe na pipa la taka alimwage. Wengi hukwama hapo, wanaacha vyeti na vitambulisho.

Ami Hamad: Na waya wa kuchajia simu kwenye kompyuta?

Kombo: Android ikiuliza, achague kuchaji tu. iPhone ikiuliza kama anaiamini kompyuta, akatae. Bora achajie ukutani.

Halati Time: Na hiyo Gmail iliyokwishaingia?

Fatma: Mipangilio ya simu, Google, dhibiti akaunti, Usalama, Vifaa vyako. Aiondoe ile kompyuta ya Windows, halafu abadilishe paswedi zilizoshuka hapo. Ya benki aanze nayo.