Maporomoko ya Sanje kwa wikendi moja kutoka Dar: ushauri tafadhali

Baba Tabata
Wakuu, heshima kwenu. Tuko watu saba kwenye Noah, tunataka kwenda kuogelea kwenye bwawa la asili chini ya maporomoko ya Sanje, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Wamo watoto wawili (miaka 8 na 12) na mama mkwe wa miaka 64 mwenye shida ya magoti. Wazo ni kuondoka Ijumaa jioni baada ya kazi na kurudi Jumapili, wikendi ya Sikukuu ya Muungano. Naomba kujua kuhusu barabara, malipo, ugumu wa kupanda, na usalama wa maji kwa watoto.

Mdau wa Kilombero
Baba Tabata, kwanza badilisheni tarehe. Mwisho wa Aprili ni masika. Maporomoko yananguruma vizuri sana, lakini njia ni utelezi mtupu na bwawa halifai kuogelea. Nendeni kati ya Julai na Oktoba. Maji hupungua, ila Sanje ina urefu wa mita 170 hivi kwa ngazi tatu, kwa hiyo uzuri haupotei.

Barabara: Dar hadi Morogoro ni km 190 hivi, kisha Mikumi mjini, mnakata kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara. Kutoka Mikumi hadi Mang'ula, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Udzungwa, ni kama km 60. Msijaribu kumaliza yote Ijumaa usiku. Foleni ya Kimara hadi Kibaha itawala muda, halafu mtavuka Hifadhi ya Mikumi gizani, wanyama wakiwa barabarani. Ukigonga mnyama kuna faini, achilia mbali hatari yenyewe. Laleni Morogoro, ondokeni saa 11 alfajiri, na hifadhini fuateni vibao vya mwendo.

Jambo linalowapotezea wengi muda: ukitokea Mikumi unapita kijiji cha Sanje kwanza, lakini vibali na mwongozaji vinapatikana makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, kama km 10 mbele. Piteni moja kwa moja, lipeni, ndipo mrudi Sanje. Malipo ni kwa kadi au simu, si fedha taslimu, kwa hiyo wekeni salio kabla ya kuondoka. Kila mtu mzima awe na kitambulisho cha NIDA, maana kiwango cha raia si sawa na cha mgeni.

Mpanda Vilima
Naongezea kuhusu mlima. Ndani ya Udzungwa hakuna kutalii kwa gari, ni miguu tu. Mzunguko wa Sanje huchukua saa nne hivi, na kwa watoto hesabuni tano pamoja na kuogelea. Anzeni kabla ya saa 4 asubuhi. Mkichelewa mtapanda kwenye joto la mchana na kushuka mmechoka, na watu huumia zaidi wakati wa kushuka, magoti yakiwa yamelegea na mizizi imelowa.

Wa miaka 12 ataweza. Wa miaka 8 ataweza akiwa amezoea kutembea, ila mtu mzima mmoja awe wake peke yake. Kila mtu abebe maji lita mbili, viatu vyenye meno (sandozi hapana), na suruali ndefu kwa ajili ya siafu. Bonde la Kilombero lina malaria, hivyo chandarua na dawa ya kupaka ni lazima.

Kuhusu bwawa, someni hapa kwa makini. Mvua inaweza kunyesha juu mlimani huku nyie mkiota jua chini. Mkiona maji yanabadilika rangi kuwa ya udongo, yanaleta majani na vijiti, au sauti ya maporomoko inaongezeka, tokeni papo hapo, vitu mtafuata baadaye. Msiruke wala kupiga mbizi kwa kichwa. Mawe yamejificha chini ya povu. Watoto wakae ukingoni ambako mwongozaji ameonyesha, mbali na mdomo ambapo maji yanaangukia ngazi inayofuata. Na maji ni ya baridi, kwa hiyo dakika chache, wapumzike, warudi.

Baba Tabata
Nimewaelewa, tunahamishia Agosti. Mama abaki hotelini?

Mpanda Vilima
Hapana, asibaki. Karibu na makao makuu Mang'ula kuna njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, chini ya saa moja kwenda na kurudi kwa mwendo wa kawaida. Mpeni fimbo na mtu wa kumsindikiza, asiharakishwe. Msitu ni uleule, na anaweza kuwaona mbega wekundu wa Iringa, ambao kwa asili wanapatikana kwenye milima hii na misitu ya jirani ya bonde la Kilombero pekee.

Mdau wa Kilombero
Kwa wasio na gari: mabasi ya Ifakara yanatoka stendi ya Magufuli, Mbezi, mwambie kondakta akushushe Mang'ula. Treni ya SGR nayo inafaa hadi Morogoro, ila stesheni yake iko mbali na stendi ya mabasi ya Msamvu, tenga muda na nauli ya bajaji. Treni ya TAZARA inapita hukohuko Mang'ula, lakini haisafiri kila siku na huchelewa. Kwa wikendi moja usiitegemee.